Kilo zilizoandikwa kwenye sumaku si kilo utakazopata

Kishikio cha sumaku kilichoandikwa kilo 100 kinaweza kuangusha bamba la kilo 8, na kikawa kizima kabisa. Nililiona hilo kwenye mkono wa roboti: bamba lilinyanyuliwa vizuri, mkono ukageuka kwa kasi, bamba likateleza kwa ubavu hadi sakafuni. Lawama zote zikaangukia sumaku.

Namba ile hupimwa kwa chuma laini (chenye kaboni kidogo), kinene na kisafi, kikivutwa wima kutoka kwenye uso wa sumaku. Kikivutwa kwa ubavu, kinachokizuia ni msuguano tu, na kwenye uso wenye mafuta unaweza kubaki na moja ya tano ya nguvu ile, au pungufu. Kilo 100 zimeshakuwa 20 kabla hujagusa kitu kingine.

Halafu kuna unene, na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Bamba ni njia ya usumaku kutoka ncha moja ya sumaku kwenda nyingine. Njia nyembamba hujaa haraka, na kinachozidi hutokea upande wa pili bila kufanya kazi yoyote. Jaribio langu ni la nati: bamba likiwa limenasa, sogeza nati ndogo mgongoni mwake. Nati ikidakwa, usumaku unavuja. Hapo kununua sumaku kubwa zaidi ni kutupa hela. Tafuta yenye ncha nyingi zilizokaribiana, ambayo usumaku wake haupandi mbali.

Ila sumaku ya namna hiyo haivumilii pengo hata kidogo. Rangi, kutu au chembe moja ya chuma iliyosahaulika kati yake na bamba inatosha kuiharibia. Nguvu hufuata kipeo cha pili cha usumaku: kwenye tesla 1.6 (tesla ni kipimo cha usumaku) sentimita moja ya mraba hushika takriban nyutoni 100, yaani kama uzito wa kilo 10, lakini kwenye tesla 0.8 hushika nyutoni 25 tu. Ndiyo maana mimi hupitisha kitambaa kwanza, hata kama uso unaonekana safi.

Aina ya chuma nayo ina neno. Chuma cha kusubu hushikwa hafifu kuliko chuma laini. Chuma cha pua cha daraja la 304 karibu hakishikiki, ilhali cha 430 hunasa. Alumini na shaba tusizungumze. Kama kipande unachoshika kinatoka kwenye moto, kumbuka kwamba sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kudhoofika zikipita nyuzi 80 za selsiasi.

Bamba letu lilikuwa na unene wa milimita 1.5 na limepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Tuliondoa kishikio kile, tukafunga vinne vidogo vyenye ncha za karibu, tukaweka vizuizi viwili ubavuni, na mkono tukaupunguzia kasi ya kugeuka.