Presha, kisukari na jembe: maswali ya wagonjwa wa zahanati

Mimi ni mkulima. Mazoezi ya nini tena?

Kulima ni mazoezi, tena mazito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, na palizi, kuchota maji au kwenda gulioni kwa miguu vyote vimo. Tatizo ni msimu. Mavuno yakishaingia ghalani, wengi wetu tunahamia kibarazani, na hata kijiji cha jirani tunakwenda kwa bodaboda. Muuguzi akikuuliza kazi yako, mtajie na miezi usiyoifanya.

Tangu nigundulike na kisukari, watoto wameninyang'anya jembe. Wamekosea?

Mara nyingi ndiyo, ingawa ni kwa mapenzi. Misuli inapofanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu, na nafuu hiyo huendelea kwa siku moja hivi au mbili. Ndiyo maana haishauriwi kupitisha siku mbili mfululizo umekaa tu. Presha nayo hushuka kidogo kwa anayetembea kila mara. Dawa haziachwi. Anza na dakika kumi, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba.

Nani asubiri kwanza?

Mwenye presha ya 180/110 au zaidi, au anayebanwa kifua, amwone mtabibu kabla. Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kisukari) asitoke bila kula, na awe na sukari au pipi mfukoni, maana sukari ya damu inaweza kushuka mno. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, asimame aile hapo hapo. Mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba, kwa hiyo vaa viatu vya kufunika na ukague nyayo kila jioni.

Zahanati yetu ina mhudumu mmoja na foleni ndefu. Atapata wapi muda wa kutushauri kuhusu mazoezi?

Swali moja linatosha: "Wiki hii umetembea siku ngapi?" (Asiulize wakati anapima presha, maana kuongea huipandisha.) Jibu aliandike kwenye daftari la kliniki, ili mwezi ujao pawe na pa kuanzia, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii afuatilie nyumbani. "Fanya mazoezi" peke yake mgonjwa huisahau akifika getini. Afadhali aambiwe: nenda hadi kisimani na kurudi, jioni, siku tano kwa wiki.