Rapsodi ni nini? Maana ya neno, na wimbo wa Queen ulivyoshonwa

Neno rapsodi lilianzia kwa Wagiriki wa kale, na ndani yake mna maneno mawili: kushona, na wimbo. Rapsodo alikuwa mghani. Alisimama mbele ya watu, mara nyingi ameshika fimbo, akaghani tenzi ndefu za Homer kuhusu vita vya Troya na safari za Odysseus. Ukilifasiri jina lake lilivyo, ni mshona nyimbo.

Aliyewahi kuona mkeka wa ukindu ukitengenezwa ameshaielewa nusu ya dhana hii. Kwanza husukwa ukili, mwembamba na mrefu, wenye rangi zake. Ukili peke yake haulaliki. Unakuwa mkeka pale unapozungushwa na kushonwa, ukingo kwa ukingo, na ukiinama kuutazama kwa karibu unaiona mishono yote. Rapsodi katika muziki ni hivyo hivyo: kazi moja iliyoshonwa kwa vipande vya hali tofauti, hiki cha huzuni, kile cha vishindo, kingine cha mchezo, pasipo sharti la kurudi pale ulipoanzia.

Ndiyo maana rapsodi haifanani na nyimbo nyingi tunazozijua, zile za ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio. Na si mseto wa nyimbo kama ule wa bendi inayounganisha vibao vyake vya zamani harusini. Kwenye mseto kila wimbo unabaki na jina lake, na msikilizaji anasema, "Aa, sasa wameingia kile kingine." Kwenye rapsodi hakuna kile kingine. Vipande vyote ni vya wimbo mmoja.

Katika karne ya 19 Franz Liszt aliandika rapsodi 19 za piano alizoziita za Kihungari, nyingi zikianza polepole kwa uzito na kumalizikia kwa kasi ya kucheza. Mwaka 1924, jijini New York, George Gershwin akatoa "Rhapsody in Blue", akaushona muziki wa jazi na ule wa okestra. Kisha mwaka 1975 neno likaingia kwenye roki, kwa kazi ya mtu aliyezaliwa Unguja.

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni India. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Huko ndiko bendi ya Queen ilikoundwa, na ndiko alikotunga "Bohemian Rhapsody".

Neno la kwanza la jina hilo nalo lina asili yake. Bohemia ni eneo lililopo leo katika Jamhuri ya Cheki. Wafaransa wa zamani waliwaita Waroma (wale wanaoitwa pia Wajipsi), watu wasiokaa mahali pamoja, kwa jina la eneo hilo wakidhani ndiko walikotoka. Baadaye jina likahamia kwa wasanii wanaoishi wapendavyo bila kujali desturi za jamii. Kwa hiyo jina la wimbo linakumbusha zile rapsodi za Liszt, na papo hapo linamtaja msanii asiyekubali kufungwa.

Wimbo wenyewe unachukua dakika 5 na sekunde 55, na hauna kiitikio. Unafunguliwa na sauti za watu bila ala. Piano inaingia, na kijana anamwambia mama yake kwamba ameua mtu. Gitaa la Brian May linapokea maombolezo hayo na kuyapandisha, na pale unapodhani wimbo umefika kileleni unakatika ghafla, piano inagonga noti fupi fupi katika ufunguo mwingine kabisa, na tumo ndani ya opera, yaani tamthilia inayoimbwa. Huo ndio mshono mkubwa kuliko yote, nao haukufichwa. Nauona kuwa ndio uhodari wa kazi nzima: mtunzi alitaka tuusikie.

Katika sehemu hiyo ya opera majina yanarushwa huku na huku: Galileo yule mwanafalaki, Figaro kinyozi wa opera, Scaramouche mchekeshaji wa tamthilia za kale za Italia. Na katikati yao, Bismillah. Msikilizaji wa London alihitaji kufafanuliwa neno hilo. Msikilizaji wa Unguja au Mombasa hulitamka kabla ya kutia tonge mdomoni. Kwa nini liliwekwa pale Mercury hakueleza, kama ambavyo hakueleza maana ya wimbo. Aliwaachia wasikilizaji waamue wenyewe. Mimi hufurahi tu kila linapofika, kwa jinsi linavyotamkwa kwa nguvu na kundi zima, kama watu wanaomgombea mtu mahakamani.

Baada ya opera inakuja roki yenyewe, nzito, ya kutikisa kichwa. Kisha kila kitu kinatulia, piano inarudi, na Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, anafunga kwa kugonga gongo mara moja, taratibu.

Kuurekodi kulifuata jina lake. Kazi ilianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, iliyopo shambani karibu na Monmouth, Wales. Mtayarishaji Roy Thomas Baker alisimulia kwamba Mercury alimpigia mwanzo wa wimbo kwenye piano, akasimama, akamwambia hapa ndipo opera itakapoingia. Katika kanda ya kwanza sehemu hiyo iliachwa wazi, kama fundi anayepiga bandi huku akijua kitambaa cha katikati bado hakijafika.

Kitambaa hicho kilipofika hakikuwa na mwisho. Mercury alikuja na "Galileo" nyingine, na nyingine tena, na Baker akawa anaongeza kipande cha kanda kila mara. Waimbaji walikuwa watatu tu: Mercury, May na Taylor, ambaye ndiye mwenye zile sauti nyembamba za juu kabisa. Mashine ilikuwa na njia 24 za sauti, na zilipojaa, sauti zilizokwisha kuimbwa zilikusanywa zikahamishiwa kwenye njia chache ili nyingine zipate nafasi. Tabaka za sauti zilifika 180 hivi. Kanda ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi mno hata unga wake wa sumaku ukachakaa, na ukiiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Sehemu hiyo moja ilichukua wiki tatu hivi. Halafu vipande vikaunganishwa kwa njia ya wakati ule: unaikata kanda kwa wembe na kuigandisha kwa utepe. Hakukuwa na kompyuta ya kurekebisha kosa.

Santuri ilipokuwa tayari, watu wa biashara walisema ni ndefu mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, akaipiga mara 14 ndani ya siku mbili, na watu wakaanza kuiulizia madukani. Ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975 na kukaa namba moja Uingereza wiki tisa. Mercury alipofariki Novemba 1991, ilirudi namba moja tena.

Jukwaani ulibaki ugumu mmoja. Wanabendi wanne hawawezi kuimba sauti 180. Queen hawakujaribu kuipunguza opera ili iwatoshe. Walipofika pale waliondoka wote jukwaani, kanda ikapigwa, na umati ukabaki unatazama taa na ala zisizo na wapigaji, hadi roki ilipolipuka nao wakarudi kuidaka.