Ndugu amefungwa na jimbo Marekani: hesabuni siku kabla ya kwenda mahakama ya shirikisho

Familia nyingi zinazotuuliza huanza hivi: "Tunataka kukata rufaa shirikisho." Si rufaa, na tumelisema hili mara nyingi. Ombi la habeas corpus, yaani kuiomba mahakama ichunguze kama mtu anashikiliwa kihalali, chini ya kifungu cha 2254 cha sheria za shirikisho ni shauri jipya, na mjibu maombi ni mkuu wa gereza anayemshikilia mfungwa, si jaji aliyemhukumu.

Kinachoua maombi zaidi ni kalenda. Sheria ya 1996 inatoa mwaka mmoja tangu hukumu iwe ya mwisho. Tuseme mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilitupa rufaa 10 Januari 2024, na mfungwa hakwenda Mahakama ya Juu ya Marekani. Ongeza siku 90 alizokuwa nazo za kwenda huko: hukumu inakuwa ya mwisho 9 Aprili 2024, na mlango unafungwa 9 Aprili 2025. Akifungua ombi la mapitio jimboni kwa utaratibu, saa inasimama. Lakini akikaa siku 300 kwanza, zimebaki 65 tu. Jimbo likishakataa, saa inaendelea pale ilipoishia. Haianzi upya! Na ombi la jimbo lililofunguliwa baada ya mwaka kwisha halifufui kitu.

Kila hoja iwe imeshapelekwa hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo, tena ikitaja haki iliyomo katika Katiba ya Marekani. Hoja kwamba mahakama ilikosea sheria ya jimbo peke yake haisikilizwi huku, wala "jaji alituchukia." Hoja moja ambayo haijapita jimboni inaweza kuangusha ombi zima, isipokuwa mfungwa aiondoe au, akiwa na sababu nzito, aombe shauri lisimamishwe kwanza.

Ada ni dola 5. Asiyekuwa nazo aambatishe cheti cha akaunti yake ya gerezani kilichosainiwa na ofisa wa gereza. Kwa mfungwa, siku inayohesabiwa ni ile aliyoikabidhi bahasha kwenye posta ya gereza, kwa hiyo aandike tamko lenye tarehe hiyo na kwamba stempu imelipiwa. Bahasha ikipelekwa posta na shangazi kutoka nyumbani, msiitegemee kanuni hiyo.

Ombi la pili haliletwi hivi hivi; linahitaji kwanza ruhusa ya mahakama ya rufaa ya shirikisho, na ruhusa hiyo ni nadra. Anayeshikiliwa na uhamiaji hahusiki na kifungu hiki. Chake ni 2241.