Glavu za ngozi zikilowa, usizikaushe kwa moto

Kila masika ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu ya madereva wa bodaboda: glavu za ngozi zikilowa, zianike jua kali au zilaze juu ya injini yenye moto, ngozi ikomae. Si kweli, na unaharibu kinga ya mikono yako.

Ngozi hubaki laini kwa mafuta iliyotiwa kiwandani, katikati ya nyuzi zake. Joto kali likizikuta nyuzi zimelowa, huzikunjamanisha na kuzikausha. Ule ugumu unaodhaniwa ni ukomavu ni ukavu tu. Kunja kidole cha glavu iliyokaushwa hivyo, utazame kwenye kifundo na kando ya mshono: nyufa nyembamba kama nywele. Ukianguka, hapo ndipo itakapopasukia.

Nadhani watu huchanganya na ngozi mbichi ya mbuzi inayowambwa juani. Ile haijasindikwa bado. Ya glavu imeshasindikwa.

Futa maji kwa kitambaa, jaza magazeti ndani, ziache kivulini penye upepo. Zikikauka, paka mafuta ya ngozi kidogo. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.