Matembezi ya Siku Moja Kutokea Castleton: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Castleton ni kijiji cha nyumba za mawe katika kaunti ya Derbyshire nchini Uingereza, kwenye bonde lililo kati ya miji ya Sheffield na Manchester, na kwa miaka mingi kimekuwa kituo cha watu wanaotaka kupumzika mashambani na kuzuru kila siku upande mmoja. Waswahili wanaoishi katika miji hiyo huweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kinachowaharibia wengi siku yao ni mambo waliyoaminishwa kabla ya kufika, hasa kuhusu mahali panapolipiwa na mahali mgeni anaporuhusiwa kukanyaga.

Dhana iliyo mama wa nyingine zote ni kwamba Peak District, eneo la milima ambamo Castleton imo, kwa kuwa ni hifadhi ya taifa, huendeshwa kama Serengeti au Tsavo: kuna lango, kuna kiingilio, na ndani yake hakai mtu isipokuwa askari wa wanyamapori. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1951 ikiwa ya kwanza nchini Uingereza, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,438, haina lango hata moja, na ndani yake wanaishi watu takriban 38,000. Sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya wakulima, kampuni za maji na mashirika kama National Trust, shirika la hisani linalotunza ardhi na majengo ya kale. Mamlaka ya hifadhi husimamia zaidi vibali vya ujenzi na utunzaji wa mandhari kuliko umiliki. Mnyama utakayemwona kutwa nzima ni kondoo. Fedha utatoa kwenye maegesho, kwenye mapango, na kwenye ngome ya Peveril iliyo juu ya kijiji, ambayo mnara wake ulijengwa na Mfalme Henry II mwaka 1176.

Mtu akishaambiwa kwamba hakuna kiingilio, hudhani basi anaweza kupita popote. Haki ya kutembea katika milima hii ilidaiwa kwa jasho. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, waliupanda mlima Kinder Scout wakikaidi katazo la wamiliki waliokuwa wameutenga kwa uwindaji wa ndege, na watano kati yao wakafungwa gerezani. Sheria iliyowapa wananchi haki ya kutembea kwa uhuru katika nyika na milima ilikuja kupitishwa mwaka 2000, nayo inahusu takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya England. Kwingineko unafuata njia iliyowekewa alama: mshale wa manjano ni wa waenda kwa miguu, wa buluu unawaruhusu pia wapanda farasi na baiskeli. Njia hiyo inaweza kukatiza katikati ya malisho yenye ng'ombe, na bado ni haki yako kupita, mradi usiiache na geti uliache kama ulivyolikuta. Kwa maoni yangu, kujua habari hii kunampa mgeni faida kubwa kuliko tiketi ya ngome.

Kuhusu mapango, husemwa kwamba ni yaleyale, ukiliona moja umeyaona yote, na kwamba yote ni kazi ya maji. Castleton ina mapango manne yanayotembelewa, na kila moja lina tabia yake. Peak Cavern lina mdomo mpana kiasi kwamba wasokota kamba walijenga vibanda vyao humo na kuishi na familia zao kwa karne kadhaa. Masizi ya moshi wao bado yanaonekana darini. Njia ya kuingilia Speedwell, kwa upande wake, ilichimbwa na wanadamu kwa baruti katika karne ya 18, wakitafuta madini ya risasi, kisha ikajaa maji ikawa mfereji wa kupitisha mashua. Risasi iliyopatikana ilikuwa haba na mradi ukaachwa, lakini mfereji huo ndio uliokuja kuwavuta watalii. Mapango ya Blue John na Treak Cliff yamo katika mwamba wenye jiwe liitwalo Blue John, ambalo wengi hulitarajia kuwa la buluu tupu. Ukilishika na kulielekeza kwenye taa utaona mistari ya zambarau na ya manjano iliyopishana, mingine karibu iwe myeupe. Jiwe hilo huvunjika kirahisi, hivyo mafundi hulinywesha gundi kabla ya kulichonga, na linachimbwa kwa kiasi kidogo sana. Ndiyo maana kipande cha pete huuzwa kwa bei inayomshtua mnunuzi aliyezoea zawadi za utalii. Ngazi ni nyingi na ndani ni baridi hata mwezi wa Julai, kwa hiyo mwenye maumivu ya magoti na aulize kwanza. Ratiba pia hubadilika, na ni vyema kuhakikisha kabla ya kuondoka nyumbani.

Wapo wanaosema kwamba bila gari safari hii haiwezekani. Ni kweli kwamba Castleton haina stesheni, lakini treni za reli ya Hope Valley husimama Hope, umbali wa kilomita tatu hivi, na Edale, ng'ambo ya kilima. Binafsi naipendelea Edale: unapanda hadi kwenye ukingo wa Hollins Cross na kuteremka Castleton kwa miguu, ukiwa na mlima Mam Tor, wenye urefu wa mita 517, upande wa kulia. Mwenye gari ndiye hupata taabu wikendi za kiangazi, maegesho yanapojaa mapema. Chini ya Mam Tor kuna barabara kuu ya zamani iliyofungwa mwaka 1979 baada ya mlima kuporomoka mara kwa mara, na leo watu huenda kuitazama: tabaka za lami zimepasuka na kupinda, na msitari mweupe wa katikati unaishia hewani.

Kwa anayetoka nchi ya Kilimanjaro, Kinder Scout wenye mita 636 huonekana ni kichuguu. Juu yake ni uwanda wa udongo mweusi wa mboji usio na miti ya kukuongoza, na ukungu ukishuka, hata wenyeji hupotea. Kikosi cha uokoaji cha Edale, kilichoundwa mwaka 1956, ni cha watu wanaojitolea, na huduma yao hailipiwi. Unapiga 999, unaomba polisi, kisha waokoaji wa milimani.

Kasri la Chatsworth, lililo ndani ya hifadhi hiyo, si la mfalme wala la serikali kama wengine wanavyodhani. Ni makazi ya ukoo wa Cavendish. Nyumba na bustani hulipiwa, na hufungwa kwa wiki kadhaa majira ya baridi, lakini viwanja vya malisho vinavyolizunguka hutembelewa bure. Eyam, kijiji kilichojitenga kwa hiari wakati wa tauni ya mwaka 1665 na 1666, si magofu: watu wanaishi katika nyumba zenye vibao vya majina ya waliofia humo, kwa hiyo usichungulie madirishani.

Na katika mji wa Bakewell usiagize keki ya mlozi inayouzwa kila duka la Uingereza ukidhani ndiyo ya asili ya hapo. Wenyeji huiita yao pudini. Ina ganda la tabaka nyembamba, jamu, na ujiuji wa mayai na mlozi juu yake. Siku nzuri ya kwenda ni Jumatatu, kunapokuwa na gulio.