Ukuta Unapotoa Chumvi: Mfuate Maji Kabla ya Kushika Mwiko

Masika yakishakatika, maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Bagamoyo hupata mteja ambaye huhitaji kumuuliza anataka nini. Kaja na kipande cha lipu ndani ya mfuko, nyuma yake kina unga mweupe, anakiweka mezani na kusema, "Hii dawa yake ipi?" Muuzaji atampa rangi, au saruji nusu mfuko, au kopo la dawa ya kuzuia unyevu. Mwezi wa sita atapaka. Mwakani mwezi wa tano atarudi na kipande kingine.

Nafundisha uashi katika chuo cha ufundi, na haya nayaandika kwa ajili ya mteja huyo, hasa yule mwenye mwiko wake, Jumamosi yake na nia ya kuitengeneza nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Nia hiyo naiunga mkono, hata kama mafundi wenzangu watanuna. Kupiga lipu kunajifunzika. Kinachowashinda wengi ni kwamba wanaanza na lipu, wakati lipu ni kazi ya mwisho.

Ukuta ni utambi. Chovya ncha ya utambi wa koroboi kwenye mafuta ya taa, muda si muda na juu kumelowa, wala hakuna aliyeyapandisha. Tofali, jiwe la matumbawe na lipu vyote vina vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji ya ardhini hupanda humo. Njiani huyeyusha chumvi: iliyomo ardhini, iliyoletwa na upepo wa bahari, na ile iliyoingia siku ya kujenga kwa sababu mchanga ulichotwa ufukweni. Yakifika usoni mwa ukuta, maji hugeuka mvuke yakaenda zake. Chumvi haina pa kwenda. Inaganda kuwa chembe ngumu ndani ya vile vitundu, chembe zinakua, zinasukuma, na lipu inaachia.

Ndiyo maana ugonjwa huu hukaa chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, mara nyingine kifua. Ukiona doa limeanzia juu karibu na dari, acha kuchimba chini, panda ukatazame paa. Doa la katikati ya ukuta, lenye umbo la mviringo na lisilojali masika wala kiangazi, mara nyingi ni bomba linalovuja.

Nami niliwahi kuwa yule mteja. Shangazi yangu ana nyumba ya mawe Dunda, kuta zake unene wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo, kichwa kimejaa vipimo vya saruji. Nikabandua lipu yote ya zamani ya chokaa, nikapiga ya saruji, moja kwa tatu, nikamalizia na rangi ya mafuta inayong'aa. Majirani walikuja kutazama. Masika ya pili shangazi akaniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone, ukuta wako unalia."

Siku naanza kazi ulikuwa ukuta wake. Siku hiyo ukawa wangu. Lipu ilikuwa imejitenga kwa mapande makubwa, na nilipoyang'oa nikakuta nyuma yake jiwe lenyewe limekuwa unga. Saruji niliyoisifu kwa ugumu ilikuwa imeziba njia ya unyevu kutoka, na rangi ya mafuta ikafunga komeo. Maji yakabaki ndani, mengine yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi ikafanya kazi yake ndani ya matumbawe. Chokaa ni laini kuliko jiwe na inapumua. Chumvi ikitaka kuharibu kitu, inaharibu lipu ya chokaa, nayo lipu hubadilishwa. Jiwe la ukuta unalibadilishaje?

Kwa hiyo uliza kwanza nyumba yako imejengwa kwa nini. Nyumba ya tofali za saruji ipewe lipu ya saruji, sehemu moja ya saruji kwa tano au sita za mchanga, na imwagiliwe maji siku saba. Nyumba ya matumbawe au ya udongo irudishiwe chokaa. Anayedhani chokaa ni kitu cha kimaskini aende Kaole, kama kilomita tano kutoka mjini, kuna msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, matumbawe na chokaa tupu. Saruji ya Portland, ndiyo hii ya madukani, ilipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1824 tu, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966. Atakayesema mbona Kaole ni magofu, ajiulize kwanza paa liliondoka lini.

Sasa tuyafuate maji.

Toka nje, uzunguke nyumba mvua inaponyesha. Mwavuli wako na dakika kumi zitakufundisha zaidi ya kopo lolote la dawa. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi. Yakianguka mguuni mwa ukuta, yanachimba kamfereji, na tope linarukia ukutani hadi usawa wa goti. Hapo dawa ni gata, au kama huna uwezo wa gata, tandaza kokoto chini ya mchirizi na uelekeze maji mbali.

Kisha tazama usawa wa ardhi. Hili ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi, na halionekani kwa mwenye nyumba kwa sababu limekuja polepole. Kila mwaka mchanga unaongezeka, baraza linainuliwa kidogo, barabara inapandishwa kifusi, bustani ya maua inajazwa udongo ukutani. Baada ya miaka 30 sakafu ya ndani iko chini kuliko uwanja wa nje. Ukuta umezikwa ukiwa hai. Hapa kazi ni ya jembe na beleshi: punguza udongo hadi uwe chini ya sakafu ya ndani, walau sentimita 15, na uupe mteremko wa kutoka nyumbani, sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Nafasi ikiwa finyu, chimba mfereji mwembamba kando ya ukuta, ujaze kokoto, uelekee mahali pa kutokea. Usichimbe hadi chini ya msingi. Nyumba nyingi za zamani zina msingi mfupi kuliko unavyodhani, na ukiufukua upande mmoja wote kwa siku moja unaweza kuamka na ufa.

Angalia na shimo la maji ya bafuni limekaa umbali gani. Ukuta wa choo usiokauka hata Januari unakunywa kutoka humo.

Bomba lina kipimo rahisi. Funga mabomba yote ndani ya nyumba, soma mita ya DAWASA, kaa saa moja bila mtu kutumia maji, soma tena. Namba zikisogea, kuna mahali panavuja baada ya mita, na hayo maji unayalipia.

Ukiwa bado na shaka kama unyevu unatoka ukutani au hewani, bandika kipande cha nailoni inayoonyesha, ukubwa wa karatasi ya daftari, ufunge kingo zote nne kwa selotepu. Kiache siku mbili. Umande ukiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiwa juu ya nailoni, ni jasho la chumba: fungua madirisha, usiguse lipu.

Neno juu ya vigae. Siku hizi kuna mtindo wa kubandika vigae chini ya ukuta, mita moja hivi, ili "kuficha" unyevu. Vinapendeza. Baada ya muda unyevu huonekana juu ya vigae, mahali ambapo mwanzo palikuwa pakavu. Sijui nani aliuanzisha mtindo huu, ila amewapatia mafundi kazi nyingi.

Maji yakishakatwa, ngoja. Kwa hili hakuna anayenipenda. Mafundi wa majengo ya kale huhesabu takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa ukuta, kwa hiyo ukuta wa sentimita 45 waweza kuchukua mwaka na zaidi kukauka kabisa. Si lazima ukae mwaka mzima na ukuta mbaya, maana lipu ya chokaa inaweza kupigwa ukuta ukiwa bado unaendelea kukauka. Rangi ya mafuta haiwezi.

Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama ngoma, lipu imeshajitenga. Toa kwa tindo, taratibu, uende hadi sentimita 30 kupita mwisho wa alama ya unyevu. Chumvi iliyobaki ipanguse kwa brashi kavu, uikusanye kwenye kitambaa ukaitupe mbali. Usiioshe kwa maji. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani, na umeipa nauli ya bure.

Mchanga utoke mtoni au machimboni, kamwe usiwe wa ufukweni. Chumvi yake itarudi usoni mwa lipu yako, na palipo na nondo, nondo zitashika kutu. Kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo unaona nguzo na linta za nyumba za pwani zimepasuka kwa urefu. Kujua kama mchanga una udongo mwingi, jaza nusu ya chupa ya plastiki, ongeza maji, tikisa, uiache ilale. Asubuhi utaona mchanga chini na tabaka la tope juu yake. Tope likizidi sehemu moja ya kumi, osha mchanga au badilisha.

Chokaa nunua ile ya unga iliyokwisha kuzimwa, si ya mabonge. Mabonge yakikutana na maji yanachemka na kurusha matone yanayounguza. Kazi hiyo waachie waliozoea. Hata ya unga inakula ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kuacha, dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Kwenye ndoo tangulia na maji, chokaa ifuate, ukoroge hadi iwe kama uji mzito, na uache angalau usiku kucha. Ikikaa wiki ni bora zaidi, mradi juu yake yabaki maji kidogo.

Changanya moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Lowesha ukuta kwanza, unyevunyevu tu usiotiririka, maana ukuta mkavu utainyonya lipu kabla haijashika. Piga koti jembamba, lisizidi sentimita moja, likwaruze kwa ncha ya mwiko ili la pili lipate pa kushikia, na usipige la pili kabla ya wiki. Saruji hukazwa na maji. Chokaa hukazwa na hewa, inavuta kaboni dayoksaidi polepole na kurudi kuwa kama jiwe ilikotoka. Ukiikausha kwa haraka inakuwa vumbi. Baada ya masika upepo wa kusi unapiga sana, na kazi ya nje huharibikia hapo: tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, unyunyize asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Malizia kwa chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Mkono wa kwanza utaonekana kama haujapaka kitu. Subiri ukauke.

Yapo ya kuacha. Soketi iliyo kwenye ukuta uliolowa usiiguse: zima swichi kuu na uite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, hata kama una bisibisi nzuri. Mabati ya zamani ya asbesto usiyakate, usiyatoboe, wala usiyafagie yakiwa makavu, kwa sababu nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu huleta saratani. Ncha za boriti zinazoingia ukutani zichome kwa bisibisi, na ikizama kama kwenye muhogo, dari hiyo si ya Jumamosi moja. Nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, pita kwanza ofisi ya Mambo ya Kale kabla hujabandua kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na wahusika huwa na ushauri mzuri kuliko watu wanavyowadhania.

Ukuta wa shangazi niliurudia kwa chokaa. Tulichimba kwanza uwanja wa nyuma, tukatoa toroli zaidi ya arobaini za mchanga na kifusi, na chini yake tukakuta ngazi ya mlango ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisahau. Kila baada ya Idi anapaka mkono mmoja mwenyewe, kuanzia chini hadi anapofika, na juu namalizia mimi. Brashi anaificha uvunguni tangu kibarua wa jirani alipoiazima akaichovya kwenye rangi ya mafuta.