Hataza si hakimiliki

Juzi redioni wamesema tena: kijana mmoja "amepata hakimiliki" ya mashine ya kupukuchua mahindi. Jamani. Alichopata ni hataza.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi na dola, kwa kawaida ya miaka 20, ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake bila ridhaa yake. Naye anatakiwa auanike hadharani. Basi.

Lawama nalitupia neno hakimiliki lenyewe. Haki na miliki, yote mawili kutoka Kiarabu, ukiyaunganisha yanabeba chochote: shamba, nyumba, mashine. Waingereza wanaiita haki ya kunakili, na papo hapo unajua ni mambo ya kitabu, wimbo au picha. Sisi tumejitakia wenyewe.

Watu wawili wakitunga mashairi ya mvua bila kujuana, kila mmoja ana hakimiliki ya shairi lake na maisha yanaendelea. Kwenye hataza kiti ni kimoja. Mwaka 1974 huko Marekani, Peter Cooper wa kampuni ya Gore na daktari wa upasuaji David Goldfarb waliomba, kila mtu kivyake, hataza ya kitu kilekile: mshipa bandia wa damu, wa plastiki ya jamii ile inayopakwa kwenye kikaango chakula kisigande, ila hii imevutwa mpaka ikawa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Mirija ya majaribio Goldfarb aliipata kwa Cooper, na ombi la Cooper ndilo lililotangulia. Lakini Goldfarb ndiye aliyeipandikiza kwa mbwa, akang'amua kwamba siri iko kwenye ukubwa wa nafasi kati ya vifundo vya plastiki, mahali tishu zinapojipenyeza. Sheria ya wakati ule ilimtazama aliyekamilisha uvumbuzi, si aliyewahi dirishani. Goldfarb akashinda, na hataza ikatoka 2002, miaka 28 tangu maombi yale. Kampuni ya Bard, iliyoishika hataza hiyo, ikaishtaki Gore, na mwaka 2007 mahakama ya Arizona ikaipa Bard ushindi wa dola milioni 185.

Kwenye hakimiliki, swali la nani alitangulia lisingewafikisha huko.

Kwa hiyo kijana wetu, kama karatasi yake imetoka BRELA, wakala wa Tanzania unaosajili hataza, ana hataza. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ataenda siku akiitungia mashine yake wimbo.